Kadi ya Bwana Pruitt

Geti lilikuwa limefungwa kwa mnyororo mpya na kufuli kubwa ya shaba. Mzee Eluterio Maestas, mwenye miaka sabini na tisa, alishuka kwenye gari taratibu kwa sababu ya goti lake, akasogea hadi kwenye kile chuma, akavua kofia. Akasimama hapo kichwa wazi. Binti yake Erlinda, aliyekuwa kwenye usukani, alimtazama akahisi hasira inampanda.

"Baba, vaa kofia. Hakuna mtu hapo."

"Yupo. Anakuja."

Kweli, Bwana Pruitt alikuwa anateremka kutoka nyumbani kwake kwa kile kigari chake cha shambani, mbwa wawili nyuma. Ni mtu wa Texas, mstaafu, na ilikuwa mwaka wa kumi na mbili tangu anunue shamba lililo chini ya mlima wetu. Si mtu mbaya, tuseme ukweli. Mtu mbaya ni rahisi, unamchukia ukalala usingizi wako. Huyu anakuita kwa jina, anakuuliza hali ya goti, halafu anakufungia njia.

"Eluterio! Goti linasemaje?"

"Linaniuma kama kawaida, Bwana Pruitt. Naona umetia mnyororo."

"Watu wa bima hao. Wanasema mtu akivunjika mguu kwenye ardhi yangu nitashtakiwa mimi. Na siku hizi wanapita watu nisiowajua, wanaacha makopo ya bia kila mahali. Lakini wewe ni wewe. Ukitaka kupanda mlimani nipigie simu, nitashuka nikufungulie. Wewe na binti."

Erlinda alitoa kichwa dirishani. "Na wengine?"

"Wengine wepi?"

"Nyumba arobaini za kijiji cha Ojo Frío. Zote zinaota moto wa kuni za mlima ule. Kibali cha msitu ninacho hapa, na kila mmoja ana chake. Mlima ni wa umma, Bwana Pruitt."

"Mlima ni wa umma, mama. Barabara ni yangu."

Basi kesi nzima ilikuwa hapo. Barabara ile hukatiza shamba la Pruitt kwa kilomita moja na nusu tu, kisha unaingia kwenye msitu wa umma, ardhi ambayo mimi, wewe na mtoto atakayezaliwa kesho tuna haki nayo sawasawa. Lakini haki usiyoweza kuifikia utaifanyia nini? Njia nyingine ni ya kuzunguka upande wa pili, saa mbili na nusu kwa gari, na kuni kavu za huko wenyewe wa huko wamezimaliza zamani. Ilikuwa mwisho wa Septemba. Kwetu theluji haimsubiri mtu.

Wakageuza gari. Walipofika barabara ya lami ndipo mzee aliposema, "Amesema atatufungulia."

"Atufungulie kama mbuzi wa zizini? Nimwambie nini jirani yetu Tomasita? Kwamba sisi tunapita kwa sababu Pruitt anatupenda?"

"Sijasema hivyo, mwanangu. Nimesema amesema."

* * *

Jumapili baada ya misa, kamati ilikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Erlinda ndiye mwenyekiti. Asubuhi za siku za kazi anapika kwenye jiko la shule, mchana anahangaika na mlima, na hilo la pili halimlipi hata senti. Kwa miaka sita kamati yake imeokota takataka huko juu, imepanda miti pale moto ulipopita, imewapeleka watoto wa shule kuona chemchemi ambayo babu zao walinyweshea kondoo. Alianza siku aliposikia bwana mmoja wa mjini akisema mbele ya watu kwamba wenyeji wanajua kukata tu, kutunza hawajui. Neno hilo lilimkaa rohoni.

Aliyezungumza siku hiyo alikuwa Delfino Quintana, kijana wa miaka thelathini na kitu, mwajiriwa wa shirika la watu wetu huko mjini Albuquerque linalopigania ardhi za umma. Bibi yake alizaliwa hapa, kwa hiyo tunamvumilia zile buti zake safi.

"Nisikilizeni, wazee wangu," Delfino alisema. "Tutakwenda mbele ya makamishna wa kaunti, tuwaombe waitambue ile kuwa barabara ya umma. Sheria inasema hivi: watu wakipita mahali miaka mingi, mchana kweupe, bila kumwomba mtu ruhusa, njia inakuwa ya watu. Wakipita kwa kuomba, basi hiyo ni hisani tu. Na mwenye hisani anaweza kuamka asubuhi akaifuta."

Bi Tomasita Lucero, jirani wa kina Maestas, mwanamke wa miaka sabini mwenye ulimi wa wembe, aliinua mkono bila kungoja kuitwa. "Yaani mkorofi anapata, mwenye adabu anakosa?"

"Ndivyo sheria ilivyo, shangazi."

"Sheria imelelewa na nani hiyo?"

Watu wakacheka. Delfino akaendelea, akamwelekea Mzee Eluterio. "Shahidi wetu mkubwa ni wewe, mzee. Umepita njia ile tangu lini?"

"Tangu nikiwa na miaka saba. Na punda wa baba yangu. Magari yalikuja baadaye."

"Miaka sabini na miwili! Umesikia, Erlinda? Miaka sabini na miwili bila kumwomba mtu."

Mzee Eluterio alitazama kofia yake magotini. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Delfino alikwisha kuandika.

* * *

Nyumbani mzee hakugusa maharage yake. Erlinda alimwekea pilipili nyekundu kama anavyopenda, akamkunjia na chapati ya tortiya, na bado hakula. Akainuka, akaenda kwenye meza ya watakatifu ya marehemu mkewe, Prajedes, akafungua kitabu chake cha sala. Akatoa kadi moja nyeupe, akaiweka mezani kati ya sahani mbili.

Erlinda alifuta mikono, akaisoma. Mwandiko ulikuwa wa Pruitt, mkubwa na ulionyooka: *Namruhusu Eluterio Maestas na majirani zake kupita shambani kwangu kwenda mlimani.* Chini palikuwa na sahihi na tarehe ya miaka kumi na miwili nyuma.

"Hii ni nini, Baba?"

"Alipohamia. Mama yako alisema mgeni amekuja, hatuwezi kupita mbele ya mlango wake kama ng'ombe. Akachukua chupa mbili za jamu ya kapulini, tukaenda. Nikavua kofia, nikamwambia sisi ni majirani, kila mwaka tunapanda kuchukua kuni, tunaomba utupishe. Akafurahi sana. Akatuandikia hiyo."

"Mliomba ruhusa."

"Tulipiga hodi, mwanangu. Wewe huingia nyumba ya mtu bila hodi?"

"Ile si nyumba, ni barabara! Barabara aliyopita babu yako!" Alikuwa anapaza sauti na hakujali. "Halafu 'na majirani zake'. Umetuombea wote!"

"Ningejiombea peke yangu? Ningekuwa mtu wa namna gani?"

Erlinda alivuta kiti. Akaketi. Tangu mama yake alipougua alirudi kuishi nyumba hii, na hakuondoka tena hata baada ya mazishi. Alikumbuka jinsi mama alivyokuwa akichemsha yale matunda madogo machungu ya kapulini, nusu sukari nusu subira, na jinsi kila vuli mzigo wa kwanza wa kuni ulivyogawiwa kabla haujaingia uani: kidogo kwa Tomasita, kidogo kwa padri, kidogo kwa Pruitt. Tenda wema nenda zako, mama alikuwa akisema. Wema wenyewe haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa umelala ndani ya kitabu cha sala ukiwasubiri.

Jiko la kuni lilikuwa linawaka. Erlinda aliichukua kadi, akafungua mlango wa jiko.

"Erlinda."

"Hakuna ajuaye."

"Pruitt anajua. Mimi najua. Na hiyo ni ya mama yako, aliiweka kwa watakatifu wake."

Joto lilikuwa linamchoma vidole. Akafunga mlango wa jiko na kuirudisha kadi mezani kwa nguvu, sahani zikalia.

"Basi ukiulizwa, jibu ulichoulizwa tu. Usiongeze. Nakuomba, Baba. Nyumba arobaini, na baridi inakuja."

"Sijawahi kusema uongo mbele ya serikali."

"Sijasema useme uongo. Nimesema unyamaze."

Mzee aliinamisha kichwa, akaanza kula maharage yaliyokwisha kupoa. Siku zilizofuata Erlinda alizungumza na Delfino mara tano kwa simu, na mara zote tano hakumwambia habari ya kadi. Hilo lilimsumbua zaidi ya kadi yenyewe.

* * *

Ukumbi wa kaunti ulijaa. Makamishna watatu walikaa juu, na chini upande wa kushoto alikaa Pruitt na wakili wake, bwana mwembamba mwenye sauti ya upole. Watu wa Ojo Frío walikuwa wamevaa nguo za misa. Tomasita alileta mto wake wa kukalia.

Mzee Eluterio alizungumza vizuri, jamani. Aliwaeleza punda wa baba yake kwa majina. Aliwaonyesha kwa kidole hewani pale barabara inapopinda, pale lilipokuwa jiwe ambalo mjomba wake alilipasua kwa nyundo ili magari yapite. Kamishna mmoja, mwanamke, aliuliza kama theluji ya siku hizo ilikuwa kubwa kuliko ya sasa.

"Theluji ilikuwa kubwa, bibie. Lakini na mimi nilikuwa mdogo, kwa hiyo sina hakika."

Ukumbi mzima ukacheka, hata Pruitt. Delfino alimpigia Erlinda jicho la ushindi. Kisha wakili akasimama.

"Mzee Maestas, marehemu mkeo alikuwa mpishi mzuri wa jamu, sivyo?"

Erlinda aligeuka kumtazama Pruitt.

"Hakuna aliyemshinda," mzee alisema.

"Mteja wangu bado anaikumbuka. Je, siku mlipompelekea jamu hiyo mara ya kwanza, mlimwomba kitu?"

Mzee alimtafuta binti yake kati ya watu, akamwona. Na Erlinda, Mungu amsamehe, hakumtazama. Alitazama ncha za viatu vyake. Mzee akaingiza mkono ndani ya koti la harusi yake, akaitoa kadi mwenyewe. Hata wakili alishangaa. Nadhani alikuwa na maneno ya Pruitt tu mkononi, hakutarajia kupewa na karatasi.

"Niliomba kupita," mzee alisema. "Akanipa hii."

Ilipita mkono kwa mkono hadi juu. Kamishna mwanamke aliisoma kwa sauti, na alipofika kwenye "majirani zake" Tomasita alivuta pumzi hadi nyuma wakasikia.

"Kwa hiyo ulijua barabara ni ya Bwana Pruitt," wakili alisema kwa upole wake ule ule.

"Nilijua nyumba ni yake. Barabara nilionyeshwa na baba."

"Lakini uliomba."

"Niliomba. Ni adabu."

"Ahsante, mzee. Sina swali jingine."

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mzee Eluterio aliwaaga makamishna mmoja mmoja, akarudi kukaa, kofia kifuani. Mtu fulani nyuma alisema, si kwa sauti ya chini sana, kwamba mzee ametuuza kwa chupa ya jamu. Erlinda aligeuka ili amwone ni nani, na wote walikuwa wanatazama dari.

Makamishna hawakuamua. Walisema pande mbili zikazungumze zirudi na mapatano, maana baada ya kadi ile wao hawaoni la kufanya. Kwenye ukumbi wa nje Delfino alimvuta Erlinda pembeni.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwa muda gani?"

"Tangu siku ya mkutano."

"Ningejiandaa, Erlinda! Miaka sitini kabla ya kadi ilikuwa inatosha! Ningewaambia hivyo mapema, mimi mwenyewe, kabla hawajatupiga nayo. Sasa tunaonekana waongo tuliokamatwa."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuumiza. Mzee alisema kweli mara moja ikaonekana kama aibu, kwa sababu yeye, mwanawe, ndiye aliyeigeuza kuwa siri. Walipofika kwenye gari alimfungulia baba yake mlango, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu mazishi.

"Nisamehe, Baba."

"Kwa lipi? Endesha, mwanangu. Hizi nguo zinanibana."

* * *

Mapatano yalichukua wiki mbili. Pruitt alikubali njia ya watembeao kando ya ua wake, ya watu wote, ya milele, ikaandikwa kwenye vitabu vya kaunti, ili mnunuzi yeyote wa baadaye asiweze kuifunga. Magari hapana. Delfino aliisoma ukumbini kwa furaha ambayo alijaribu kuipunguza akashindwa.

"Hili ni jambo kubwa, wazee wangu. Kuna sehemu wamepigania miaka ishirini bila kupata njia. Itakuwa na maegesho, choo, na bango lenye jina la kijiji chetu."

"Choo!" Tomasita alisema. "Nitaota moto wa choo. Watu wa mjini watakuja na mbwa wao waliovaa sweta, watatembea, watapiga picha, watasema hewa nzuri. Na mimi kuni nitabeba mgongoni na miaka hii yangu? Kikulacho ki nguoni mwako, kweli." Hakumtazama Mzee Eluterio alipolisema hilo, wala hakukuwa na haja.

Erlinda alisimama. "Shangazi Tomasita, maneno yako yote ni kweli. Gari moja la kuni za kununua limefika dola mia tatu, najua. Lakini tukikataa hapa, tunarudi kwa makamishna na kadi ile, na tutatoka bila njia wala choo. Mlima utakuwa wa Pruitt na rafiki zake. Mimi nitasaini mkinituma. Msiponituma sisaini."

Walipiga kura kwa mikono. Kumi na tisa walikubali, kumi na wanne walikataa, wengine waliangalia saa. Erlinda alisaini kwa kalamu ya Delfino.

Watu walipoanza kukunja viti Mzee Eluterio akainua kidole. "Kijana, nisomee tena pale penye kuruhusu."

"'Njia hii ni ya kupita kwa miguu au kwa mnyama,'" Delfino alisoma.

"Mnyama?"

"Hilo walilitaka wao, mzee. Mke wa Pruitt na wageni wake wanapanda farasi."

"Imesema farasi?"

"Hapana. Imesema mnyama."

"Soma tena."

Delfino akasoma tena. Mzee akashukuru, akavaa kofia, akatoka nje.

* * *

Kuna igizo la Posada kila Desemba, Mariamu na Yosefu wanapita mlango kwa mlango wakinyimwa malazi, na Mariamu lazima apande punda. Kwa hiyo katika kijiji cha pili, binamu mmoja wa Mzee Eluterio anafuga punda wawili, Canela na Bendita, ambao hufanya kazi usiku tisa kwa mwaka na siku nyingine zote hula matufaa. Walikuwa wanene kama mapadri wa zamani. Mzee alikwenda akawaomba. Ndiyo, aliomba. Wale walikuwa wa mtu.

Ghalani alitoa matandiko ya baba yake, yale ya mbao za kupishana, ngozi zake zimekauka. Alizipaka mafuta siku tatu. Erlinda alimsaidia kushika kamba, akaona vidole vya baba yake, vile visivyoweza tena kufungua chupa ya dawa, vikifunga fundo la mzigo bila kuuliza. Alitaka kulia akacheka.

"Huyu Canela atatupiga mateke, Baba."

"Amembeba Mama wa Mungu, atashindwa kuni?"

Siku ya kufungua njia ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Novemba, jua kali na barafu nyembamba kwenye mitaro. Walikuja watu wa mjini kama hamsini, na mbwa, na kweli mmoja alikuwa na sweta. Alikuja mwandishi wa gazeti. Pruitt alikuja na mkewe, na walipigiwa makofi, maana walikuwa wametoa ardhi, na walionekana kufurahia makofi hayo. Delfino alizungumza, kamishna akakata utepe, na watu wakaanza kupanda kwa fimbo zao za chuma. Waliofika juu waliwakuta Eluterio na binti yake kwenye msitu, wameshapanda tangu alfajiri, msumeno wa petroli umezimwa, wanafunga kuni kavu za msonobari na mreteni. Vibali vilikuwa vimeshikizwa kwenye mizigo, kila mzigo na chake. Watu wa mjini walipiga picha nyingi. Mwanamke mmoja aliuliza kama ni maonyesho.

"Ni kuni, bibie," Erlinda alisema.

Baba na binti walipoteremka, watu walikuwa bado wanakula biskuti kwenye maegesho. Punda walitokea kwenye kona ya ua mmoja nyuma ya mwingine, mizigo ikigonga gonga mbao, na mazungumzo yakakatika. Bwana Pruitt aliweka kikombe chini.

"Eluterio... hii ni... mapatano yalikuwa watembeao."

"Au kwa mnyama," Erlinda alisema. "Ni maneno ya wakili wako. Kaunti ina nakala."

Pruitt alimtafuta wakili wake, na wakili hakuwa amealikwa. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anamkuna Bendita masikio. Tomasita, aliyekuja kwa kusudi la kununa, aliangua kicheko kilichomlazimu kushika bango.

"Eluterio!" alipaza sauti. "Yule binamu yako ana wengine?"

"Kuna mwanawe ana mmoja, mkorofi."

"Nipatie huyo huyo! Wakorofi ndio wanaopata!"

Mzee hakuwa amemaliza. Alimsimamisha Canela mbele ya njia iendayo nyumbani kwa Pruitt, akalegeza kamba, akatoa kuni za kujaza mikono miwili, zile nzuri zenye utomvu, akazipanga chini kwenye nguzo ya ua. Kuni za kwanza za mwaka, kama kawaida. Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa ile kadi nyeupe, ambayo kaunti ilimrudishia kwa posta, akampa Pruitt.

Pruitt aliisoma kama kitu ambacho hakukiandika yeye. Uso ulimwiva. "Hakuna haja, Eluterio. Weka. Wewe kwangu una ruhusa siku zote, unajua hivyo."

"Najua una roho nzuri, Bwana Pruitt. Prajedes aliitunza vizuri, hata kona haikukunjika. Kuni ni zako kwa sababu wewe ni jirani. Lakini ruhusa chukua. Siihitaji tena."

Kofia ilikuwa kichwani mwake. Erlinda ndiye aliyegundua, akageuka kukaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa tayari.

Mzigo wa punda wawili ni sehemu ya saba ya gari moja, na nyumba yao hutumia magari manne hadi Machi. Erlinda alikwisha kupiga hesabu hiyo njiani. Wingu lilikuwa limekaa upande wa kaskazini, zito.

"Bado safari ishirini na saba, Baba."

"Basi tushushe huu upesi," mzee alisema, akamvuta Canela. "Jua bado lipo."